Waya Wenye Tepu Nyekundu

Hapa kwangu Malindi hazipiti siku nyingi bila kijana kubisha hodi, gitaa mgongoni, kompyuta kwapani. Shikamoo, marahaba, anakaribishwa maji, na kabla hajayamaliza anasema lile wanalolisema wote: "Mzee Karisa, nipe ile sauti."

Ile sauti ni ya gitaa la kwanza la bendi yetu, iliyokuwa ikipiga kwenye hoteli moja ya Bofa wakati wa chakula cha mchana. Kijana anadhani sauti ni kitu cha kupewa, kama chumvi ya kuazima kwa jirani. Na kweli siku hizi ni hivyo. Imo ndani ya faili, faili imo ndani ya kompyuta, mimi natia flashi, nanakili, namkabidhi. Anashukuru, anaondoka. Baada ya siku mbili amerudi, uso umekunjamana. "Mzee, umenipa nyingine. Hii inatoboa masikio."

Sikumpa nyingine. Nimechoka kueleza mlangoni, na nikieleza mnatazama simu, kwa hiyo nimeona niandike. Humu mtajifunza mambo machache ya kutengeneza sauti za pedali kwa kompyuta. Mtasoma pia jinsi nilivyomdanganya mwalimu wangu kwa miaka sita kwa kompyuta hiyo hiyo. Sijutii. Nililojutia ni jingine, nalo nitalifikia.

Kwa yule aliyeazimwa karatasi hizi na hajui tunazungumza nini: pedali ni kijisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni. Mpiga gitaa anakikanyaga, na sauti ya gitaa inabadilika. Zamani kila kijisanduku kilikuwa na kazi moja. Kimoja cha mwangwi, kimoja cha kukwaruza, kimoja cha kuitetemesha sauti. Ukitaka vitano unanunua vitano, na nyaya zake, na ugomvi na mkeo. Siku hizi kisanduku kimoja kina vyote, nawe unakiunganisha na kompyuta. Kwenye skrini unaona vipicha vya pedali vimepangwa mstari mmoja, kama maduka ya barabarani. Sauti inaingia kushoto, inapita duka hadi duka, inatokea kulia. Unaweza kuongeza duka, kuhamisha duka, kufunga duka. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa hiyo, na nililipwa kana kwamba nacheza.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Athman, mtu wa Mambrui, kiongozi wa bendi. Aliponichukua nilikuwa natoka Magarini, nina gitaa moja na tabia mbaya nyingi. Masikio ya mtu yule yalikuwa ya kuogopwa. Anaweza kuwa nyuma ya jukwaa anakula pilau, mimi niko mbele najaribu gitaa, na simu za wageni zinalia kila upande, akapaza sauti: "Karisa! Uzi wa tatu umelegea." Haachi hata kutafuna.

Mahali pake jukwaani palikuwa kushoto kwa mpiga ngoma, chini kabisa ya yale matoazi makubwa. Ndiyo desturi ya bendi yetu. Anayepiga gitaa la kwanza husimama pale, na kabla ya Mzee Athman alisimama mwalimu wake. Hakuna aliyeandika popote, lakini mgeni akija kufanya mazoezi akaenda kusimama pale, watu wote wanakohoa. Mimi nilisimama upande wa pili, karibu na kinanda, na mahali pale pa Mzee nilipamezea mate kwa miaka.

Kosa langu la kwanza la kompyuta nililifanyia kwetu Magarini, kwenye harusi ya binamu yangu. Nilikaa chumbani siku tatu, hedifoni masikioni, natengeneza sauti. Niliipa besi ya kutosha kutikisa kitanda. Niliipa mwangwi, nikauongezea mwangwi mwingine. Peke yangu pale chumbani nilijipigia makofi. Siku ya harusi tukaanza, bendi nzima, na gitaa langu likapotea. Sitanii. Mikono yangu inakwenda, mimi mwenyewe silisikii. Mama wa bibi harusi, ambaye ni shangazi yangu, akaja hadi jukwaani akaniuliza mbele za watu, "Karisa, we huvumi? Ama hujalipwa?"

Mzee Athman alinisubiri hadi tuliposhuka. "Sauti umeipamba ikae peke yake," akasema. "Gitaa lina majirani, mwanangu. Huku chini ndipo anapoishi besi. Huku juu kuna matoazi. Wewe umehamia kwa besi na masanduku yako yote, unataka usikike vipi?"

Hilo liandikeni. Ukiwa peke yako, sauti nene ni tamu. Ukiingia na wenzako, ipunguze chini, iache ya katikati isimame, na mwangwi uutie kama ndimu kwenye mchuzi. Usiimalize sauti kwenye hedifoni. Imalize ukiwa umesimama, bendi inapiga, spika ziko kwa kiasi kile kile mtakachopiga mbele ya watu. Nyumbani tengeneza mifupa tu.

La pili: kabla ya kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, soma jina lililo juu ya skrini. Mimi niliwahi kuihifadhi sauti yangu ya mazoezi juu ya sauti bora ya Mzee Athman. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika sana. Tangu siku hiyo kila sauti naiweka kwenye kompyuta, kwenye flashi, na kwenye daftari la mkono, namba baada ya namba. Mnanicheka kwa lile daftari, lakini daftari haliniulizi kama nina hakika.

La tatu ni chumvi. Tumepiga mara nyingi kule Marereni kwenye sherehe za wafanyakazi wa viwanda vya chumvi, na upepo wa kule unakula chuma huku ukikutazama. Pedali ifungeni kwenye leso mbili ikiwa safarini, na matundu ya waya yapanguseni kwa spiriti kila mrudipo. Leso ziwe za kwenu. Nilichukua za mke wangu bila kuuliza, na hilo si somo la pedali.

Sasa tuje kwenye uongo wangu.

Ilianza na meza. Hoteli ilikuwa na meza za wageni zinazoanzia karibu kabisa na jukwaa, na hizo ndizo zilizokuwa zikijaa kwanza. Msimu mmoja nikaona zinabaki tupu. Wageni wanaketi, tunaanza kupiga, na taratibu, sahani mkononi, wanahamia nyuma. Kufikia wimbo wa nne tulikuwa tunawapigia viti. Wahudumu wakaanza kutununia kwa sababu mwendo wa kutoka jikoni ulikuwa umeongezeka.

Meneja, mama mmoja wa bara asiyezunguka maneno, akaniita ofisini. Aliniita mimi kwa sababu alimwogopa Mzee Athman.

"Gitaa ya yule mzee inaumiza watu masikio," akasema. "Mwambie apunguze. Jumapili ikifika bado iko hivyo, nitatafuta mpiga gitaa mwingine. Wewe na wenzako mtabaki."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nikamkuta Mzee amekaa nyuma ya jukwaa na kikombe chake cha kahawa chungu.

"Mzee, naona sauti yako imekuwa kali kidogo siku hizi."

"Kali?" Akanitazama kama nimemtukana. "Karisa, mimi naisikia kama imefunikwa blanketi. Wiki nzima nataka kukwambia. Hebu iongeze ukali."

"Niongeze tena?"

"Ongeza hadi niisikie, bwana!"

Nikafungua kompyuta, nikaanza kuongeza, halafu nikaacha. Kuna sauti nyembamba ambayo kompyuta inaweza kuitoa, ya kupimia spika. Nikaiwasha. Mpiga ngoma aliyekuwa mbali kule akaziba masikio akaniuliza nina wazimu. Mzee Athman, hatua mbili kutoka kwenye spika, alipuliza kahawa yake akanywa.

Nikaizima. Niliingia chooni nikakaa huko muda mrefu kuliko haja.

Mnielewe. Mzee alikuwa ameshatuambia, tena si mara moja, "Siku nitakayoshindwa kulisikia gitaa langu, nitaliweka chini na sitaligusa tena." Na alikuwa mtu wa kufanya. Sigara aliziacha hivyo hivyo, katikati ya moja. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, wanawe wote wako Mombasa, na kilichomtoa kitandani kila asubuhi pale Mambrui kilikuwa gitaa. Nikimwambia ukweli, analiweka chini Jumatano. Nisipomwambia, meneja anamwondoa Jumapili. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyompenda baba yangu, na siandiki hivyo kwa mapambo.

Alhamisi na Ijumaa sikutoka nyumbani. Jumamosi alfajiri nikaona njia, na njia yenyewe ilikuwa kwenye skrini siku zote. Ule mstari wa maduka unaweza kuugawa. Ukifika mahali unapotaka, unaupasua njia mbili, na kila njia unaipeleka kwenye tundu lake: moja linatokea kushoto mwa pedali, moja kulia. Watengenezaji waliweka hivyo ili sauti ipanuke. Mimi niliweka hivyo ili sauti ya Mzee na ya wageni zisikutane.

Njia ya kulia nikaipeleka kwenye spika kubwa za wageni. Humo niliishusha sauti ya juu, nikaipa ulaini, ule mnaoufuata hadi mlangoni kwangu. Njia ya kushoto nikaipeleka kwenye amplifaya ndogo ya Mzee peke yake, iliyokuwa nyuma ya miguu yake, nikaigeuza imtazame yeye. Humo nilipandisha ukali hadi mwisho, nikaongeza duka jingine la ukali, nikapandisha na hilo.

Jumapili tukapiga. Mzee alipiga nota tatu, akageuka kunitazama, akacheka meno yote nje. "Hapo sasa! Hiyo ndiyo! Mbona ulikuwa unanificha?"

Meza za mbele zilikaliwa hadi mwisho. Meneja akatuletea soda, jambo ambalo halijatokea tena hadi leo.

Miaka sita. Nilikuwa nakaa upande wangu wa kinanda, naona wageni wanasinzia kwa raha na Mzee Athman anasikia gitaa lake. Mara moja tu nusura tuumbuke, huko Marereni. Nilikuwa na haraka, nikazichomeka nyaya kinyume. Wafanyakazi wa chumvi, watu wasiotishika ovyo, waliruka kutoka vitini kama wamemwagiwa uji, na Mzee huku analalamika, "Nimefunikwa! Karisa, nimefunikwa!" Nikasingizia jenereta. Kesho yake nikafunga tepu nyekundu kwenye waya wa Mzee na ya buluu kwenye waya wa watu. Akaniuliza mbona wake mwekundu. Nikamwambia nyekundu ni ya kiongozi. Akaridhika, tena akawa anauonyesha kwa wageni.

Alipoacha kupiga, sababu ilikuwa goti, si masikio. Aliniita mbele ya bendi, akanishika mkono, akanisimamisha chini ya matoazi. "Pako sasa," akasema. Nilivimba kichwa mwezi mzima. Alifariki Mambrui miaka miwili baadaye, akiamini hadi mwisho kwamba anaweza kusikia uzi uliolegea akiwa jikoni. Siku tuliyomzika nilimlilia waziwazi.

Siri hii nilimweleza mtu mmoja tu, Kadzo, mpiga besi wetu. Kadzo ni mtu mzima mwenye watoto wawili na maneno machache. Herufi za kompyuta zilipoanza kunishinda kwa udogo, nilimfundisha kazi yote. Nikamfundisha na kugawa njia, nikamchorea kwenye daftari, nikamsimulia ya Mzee Athman na tepu na Marereni. Nilicheka sana nikisimulia. Yeye alicheka kidogo, akaandika.

Chini ya matoazi nilisimama miaka kumi na mmoja. Ni mahali pa heshima. Kila mpiga ngoma anapochangamka, chuma kinapigwa shubiri moja kutoka kwenye sikio lako la kulia, kila siku, msimu hadi msimu. Niliona mahali pa Mzee nikaona yaliyompata Mzee, na katika miaka yote hiyo, mimi niliyepima masikio yake kwa kompyuta, sikuviweka viwili hivyo pamoja. Hilo ndilo ninalolijutia. Vizibo vya masikio vinauzwa duka la dawa, nami nilipita mbele ya duka hilo kila siku.

Miaka ya mwisho Kadzo alikuwa akiniuliza kabla hatujaanza, "Iko sawa, Mzee?" Mimi nasema, "Iongeze ukali kidogo." Anaongeza. Wiki ijayo ni hivyo hivyo. Halafu siku moja nikakuta sauti imekuwa nzuri ajabu, safi, kila uzi unajitaja. Nikamsifu. Siku hiyo hiyo niliona waya wangu umefungwa tepu nyekundu, nikamuuliza kulikoni.

"Tepu ya buluu imekwisha dukani," akasema.

Nikaamini. Mimi.

Ikaja harusi nyingine ya kwetu Magarini, nikataka kuupunguza mwangwi. Kadzo alikuwa ameniachia kompyuta, amekwenda kumtazama dadake. Nikavaa miwani, nikaifungua sauti yangu. Mstari wa maduka ulianza vizuri, ukafika katikati, ukapasuka njia mbili. Kulia: sauti ya juu imeshushwa, ulaini. Kushoto: ukali hadi mwisho, na duka jingine la ukali, nalo hadi mwisho.

Niliitambua barabara ile. Nilikuwa nimeichora mwenyewe kwenye daftari.

Kwanza niliona aibu, ile ya kuona watu walikuwa wakikutazama mgongoni. Nikawakumbuka wageni, nikawaza ni meza ngapi zilihama kabla Kadzo hajachukua hatua. Kisha aibu ikaondoka, kikabaki kitu ambacho sikukitarajia. Mtu alikaa siku kadhaa mbele ya skrini ili mimi nisijue. Hata tepu aliikumbuka. Nikaifunga faili bila kuhifadhi chochote, na kompyuta iliponiuliza kama nina hakika, safari hii nilikuwa nayo.

Jumapili nikapiga hadi wimbo wa mwisho, na sijui kama niliwahi kupiga vizuri kuliko siku ile. Kisha nikawaambia wenzangu nastaafu, mgongo unanisumbua. Wakasikitika. Mgongo wangu ni mzima.

Watu walipokwenda kula, nikabaki na Kadzo jukwaani. Gitaa la kwanza lilikuwa linakwenda kwake, bendi ilikwisha kubaliana. Akaja akasimama pale kushoto, chini ya matoazi, kama desturi inavyotaka. Nilipaswa kumshika mkono na kusema, "Pako sasa." Badala yake niliinua amplifaya, nikaivuta hadi upande wa pili kabisa, karibu na kinanda, nikaiweka chini, nikahema.

"Mzee, mbona?" akauliza. "Mahali pa gitaa la kwanza si hapa?"

"Hapo pana joto," nikasema.

Akanitazama. Akautazama waya wenye tepu nyekundu, ambao nilikuwa nimeukunja vizuri na kuuweka juu ya kompyuta yake.

"Ndiyo, Mzee," akasema. "Pana joto kweli."

Akachukua gitaa, akanifuata kwenye kinanda.

Basi ndiyo hivyo. Ile faili ninayowapa ni ile ile ya Kadzo, sijaigusa. Pedali ina matundu mawili, na nyinyi kwa mazoea mnachomeka waya mmoja tundu la kushoto, halafu mnarudi kwangu kulalamika kwamba inatoboa masikio. Hamieni la kulia. Sauti mnayoitafuta imo humo. La kushoto ni langu, nami nikilichomeka hapa nyumbani alasiri, mke wangu anahamia kwa jirani, na mimi nasikia kila uzi.